Anza na kinyama cha kaka yako

Swali: "Shikamoo daktari. Niko Tanga, nina miaka 34. Baba alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 46. Dada yake, shangazi yangu, alitolewa kizazi kwa saratani, yuko hai. Mwaka huu kaka yangu wa miaka 41 amepasuliwa utumbo huko Dar. Majibu ya kinyama yameandikwa MLH1 na PMS2 hazipo, MSH2 na MSH6 zipo, BRAF V600E haikupatikana, KRAS haina badiliko. Hakuna aliyetufafanulia. Mama anasema ukoo wa baba umefanyiwa jambo. Je, ni ya kurithi? Nataka kupima DNA kabla ya harusi, na mchumba wangu ni mtoto wa huyo huyo shangazi. Nianzie wapi?"

Marahaba, binti yangu. Pole kwa baba, na kaka Mungu amponye. Kwa maandishi hayo uliyoninukulia, uwezekano wa kuwa ni ya kurithi ni mkubwa, ingawa bado haijathibitishwa. Na wa kwanza kupimwa DNA si wewe, ni kaka. Habari ya mchumba umeiweka mwishoni kama nyongeza, lakini ndiyo iliyonifanya niweke kikombe cha chai chini. Nitaifikia, maana bila kuelewa ya kaka haitaeleweka.

Mimi ni mtu wa patholojia, yaani sisi ndio tunaopokea kinyama kikitoka chumba cha upasuaji. Kipande cha utumbo hulowekwa kwenye fomalini, kikakatwa vipande vidogo, vikazamishwa kwenye nta ya moto. Nta ikipoa inakuwa kitofali kidogo, tunakiita bloku. Kwenye bloku hiyo tunachonga utando wa unene wa mikroni 4, unywele wako ni mnene kuliko huo mara kumi na zaidi, tunaulaza juu ya kioo na kuutia rangi. Rangi ya kipimo alichofanyiwa kaka ina kazi moja: protini inayotafutwa ikiwemo ndani ya kiini cha seli, kiini kinageuka kahawia, isipokuwemo, kinabaki buluu.

Slaidi ya MLH1 ya mgonjwa kama kaka yako huwa hivi. Pembeni kuna tezi za utumbo mzima, zimejipanga kama vitundu vya sega la nyuki, viini vyote kahawia. Katikati kuna saratani: tezi zimekunjamana na kubanana, na viini vyake vyote ni buluu. Halafu humo humo ndani ya saratani utaona viseli vya kinga vimetapakaa kama punje za ulezi, navyo ni kahawia. Hivyo vidogo ndivyo ninavyovitazama kwa makini, kwa sababu vinanihakikishia kwamba rangi imeshika na ubuluu wa saratani haukutokana na uzembe wa maabara. Hapo ndipo naandika "haipo".

Sasa ni nini hicho kisichokuwepo? Ukuta wa ndani wa utumbo mpana hujivua na kujivika upya kila baada ya siku 4 au 5 hivi. Kila seli inapogawanyika inanakili DNA yake yote, herufi bilioni 3 za upande wa mama na nyingine kama hizo za upande wa baba. Anayenakili kwa kasi hiyo hakosi kuteleza. Wewe mtu wa Tanga bila shaka umepita madrasa: mtoto anasoma kwa moyo, mwalimu kafumba macho utadhani kalala, lakini herufi moja ikiruka anagonga ubao, na mtoto anarudia aya. Hizo protini nne ndizo walimu wenyewe. MSH2 na MSH6 hukaa pamoja na kazi yao ni kusikia kosa. MLH1 na PMS2 nao hukaa pamoja, wanasimamia kosa lifutwe na paandikwe upya. PMS2 haiwezi kudumu bila mwenzake MLH1. MLH1 ikiharibika, PMS2 inavunjwa na kutupwa. Ndiyo maana kwenye karatasi ya kaka zimekosekana mbili, wakati jeni iliyoharibika inaweza kuwa moja tu.

Walimu wakiondoka, makosa hujaa zaidi kwenye sehemu za DNA zenye herufi zinazojirudia, AAAAAAAA au CACACACA, ambako mnakili hupatwa na kigugumizi, akaongeza moja au kuacha moja. Ukikutana na karatasi ya maabara nyingine imeandikwa "MSI ya juu", ujue ni habari ile ile imesemwa kwa kipimo kingine, cha kuhesabu urefu wa vigugumizi hivyo.

Usikimbilie bado kusema ni urithi. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo mpana, kama 15 wana hali hii ya walimu kutoweka, na wengi wao hawakurithi kitu. Ni watu wazima, mara nyingi wazee, ambao jeni yao ya MLH1 ilizaliwa nzima ila imekuja kuzibwa ndani ya uvimbe wenyewe. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hubeba pia badiliko liitwalo V600E katika jeni nyingine, BRAF, na ndiyo sababu walilitafuta. Kutolipata hakufungi kesi, kwa kuwa wapo ambao jeni imezibwa bila BRAF kubadilika, na kuna kipimo cha kuangalia kuzibwa huko katika bloku ile ile. Ila tazama na yaliyobaki: kaka ana miaka 41, baba 46, shangazi kizazi. Madaktari wana kanuni waliyoiweka Amsterdam mwaka 1990 na kuipanua mwaka 1999 ikahesabu na saratani ya kizazi: ndugu watatu waliougua, mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa wale wengine wawili, vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50. Baba yako ni kaka wa shangazi na ni baba wa kaka yako. Kama saratani ya shangazi ilikuwa ya kizazi chenyewe, si ya shingo ya kizazi, familia yenu inatimiza masharti hayo yote hata kabla bloku haijaguswa.

Hali ninayoishuku inaitwa sindromu ya Lynch, yaani kurithi jeni mbovu ya mmoja wa walimu wale wanne. Makadirio yaliyofanywa kwa watu wa Marekani, Kanada na Australia ni kwamba mtu 1 kati ya 280 hivi anaibeba, na wengi hawajijui.

Kuhusu mama: hakukosea kuona kwamba jambo linafuatana na ukoo wa baba. Wagonjwa na ndugu zao waliliona hili kabla ya madaktari. Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor kule Marekani, fundi cherehani mmoja alimwambia mwanapatholojia Aldred Warthin kwamba atakufa mapema kwa saratani ya tumbo au ya kizazi, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyokufa kwao. Akafa kweli, kwa saratani ya kizazi. Warthin aliufuatilia ukoo ule na kuuandika mwaka 1913, watu wakausahau. Miaka ya sitini Henry Lynch, ambaye kabla ya udaktari alikuwa bondia, aliitwa kumwona mlevi mmoja huko Omaha. Alipomuuliza kwa nini anakunywa kiasi kile, yule bwana akasema anakunywa kwa sababu kwao wote wanakufa kwa saratani ya utumbo na yeye zamu yake inakuja. Lynch alitumia miaka mingi kuwashawishi wenzake, ambao wengi waliamini saratani ni mambo ya mazingira tu. Jeni za kwanza zilikuja kupatikana mwaka 1993 na 1994. Kwa hiyo mweleze mama kwa upole kwamba macho yake yaliona sawa, ila huyo "mtu" wanayemtafuta ni badiliko dogo katika jeni moja, baba alilibeba bila kosa lake, na pengine aliachiwa na mmoja wa wazazi wake.

Na neno "zamu" naomba mliache. Nimelisikia sana: "wamekwisha kuugua wawili, waliobaki tumepona", au kinyume chake, "sasa ni wewe". Kama ni Lynch, kila mtoto wa baba yako alirushiwa sarafu yake peke yake siku mimba ilipotungwa. Sarafu ya kaka haikugusa yako. Nafasi yako ni nusu kwa nusu, hata kama mngekuwa kumi na wote tisa wameugua.

KRAS umeiuliza kwa kuwa imeandikwa, na ninaipita haraka. Saratani ya kawaida ya utumbo, isiyo ya kurithi, ina safari ambayo Eric Fearon na Bert Vogelstein waliichora mwaka 1990: jeni ya APC inaharibika, kinyama kidogo kinaota kwenye ukuta wa utumbo, KRAS, ambayo ni kama swichi ya kuamuru seli ikue, inakwama ikiwa imewashwa, kinyama kinanenepa, baadaye mlinzi aitwaye TP53 anaanguka na saratani inavunja ukuta. Safari hiyo huchukua kama miaka 10. KRAS imekwama kwa wagonjwa kama 4 kati ya 10, na hao hawafaidiki na dawa kama cetuximab. Ya kaka iko sawa. Kwako wewe jambo la kushika hapa ni muda: kwa mwenye Lynch, kwa sababu makosa hayafutwi, ile miaka 10 inaweza kuwa 2 au 3. Kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, mara moja kila baada ya miaka 10, kinachomtosha mtu wa kawaida, kwake ni sawa na kutokupima.

Usikubali pia kuambiwa haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Uganda, aliona saratani hii ni adimu huku kwetu akasema ni kwa sababu ya vyakula vyetu vya nyuzinyuzi, na hoja yake haijafa. Endelea na dona na maharage. Lakini dona halitengenezi jeni iliyorithiwa ikiwa mbovu tangu mimba. Huko Afrika Kusini madaktari wa Cape Town wamekuwa wakisafiri na kamera zao hadi Northern Cape kupima watu wa koo zilizobeba badiliko moja la MLH1, jeni ile ile tunayoishuku kwenu.

Haya, kwa nini kaka kwanza? Ukipimwa wewe leo na majibu yakaja "hakuna kitu", hutajua maana yake. Huenda hukurithi. Huenda pia ulirithi, ila badiliko la kwenu ni la aina ambayo kipimo hicho hakikuliona. Kaka ni mgonjwa na uvimbe wake umeshasema MLH1 haipo. Damu yake ndiyo yenye jibu la uhakika zaidi. Likipatikana badiliko kwake, kwenu nyote waliobaki inatafutwa herufi hiyo moja tu, kipimo kidogo na cha bei nafuu kuliko cha kusoma jeni nzima. Hapo "hakuna" inakuwa hakuna kweli, na unarudi kuwa mtu wa kawaida. Sampuli za namna hii mara nyingi husafirishwa nje, India au Afrika Kusini, hivyo ulizeni gharama mapema. Vile vipimo vya DNA vya kutemea mate na kutuma kwa posta, ambavyo ndugu wa ughaibuni hupenda kutuletea zawadi, havifai kwa kazi hii.

Kuna jibu moja linaloumiza vichwa: "badiliko ambalo maana yake haijajulikana". Sisi Waafrika hupewa jibu hilo zaidi, kwa kuwa hazina za kulinganishia zimejaa DNA za watu wa Ulaya. Likija hilo, msimpime mtu mwingine kwa kulitegemea, na mtu asitolewe kiungo kwa ajili yake. Rudini kuuliza baada ya mwaka au miwili.

Leo hii, kabla ya jibu lolote la damu, ulinde utumbo wako. Kanuni ya mwenye mzazi au ndugu aliyeugua ni kuanza kamera ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu, lolote litakalotangulia. Kaka 41, toa 10, ni 31. Umepitiliza miaka mitatu. Na ukiwa umebeba badiliko la MLH1, kamera huanza miaka 25, kisha kila mwaka mmoja au miwili. Kwa hesabu yoyote ile, wakati wako ni sasa. Usiku wa kuamkia kipimo utakunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha utumbo, na choo hutakiacha; hapo ndipo penye taabu, kipimo chenyewe watu wengi husinzia. Usifanye ujanja wa kula kidogo usiku huo, kwa sababu saratani za Lynch hupenda upande wa kulia, mbali na njia ya haja, na punje za maharage zikibaki huko daktari hatakiona kinyama kidogo.

Je, kamera inasaidia kweli? Finland walifuatilia watu wa koo za Lynch kwa miaka 15. Waliokubali kamera kila baada ya miaka 3 walikuwa 133, wasiopimwa 119. Katika kundi la kwanza saratani ya utumbo iliwapata 8 na haikuua hata mmoja; katika la pili iliwapata 19 na kuua 9. Mimi takwimu hiyo huwa nawaambia wagonjwa kabla hata ya kuwaeleza jeni.

Aspirini nayo ipo kwenye hadithi. Katika utafiti ulioongozwa na John Burn wa Newcastle, wabebaji 427 walipewa miligramu 600 kwa siku na 434 wakapewa vidonge vitupu. Baada ya miaka 10, saratani ya utumbo ilikuwa imewapata 40 upande wa aspirini na 58 upande wa pili. Usiende duka la dawa kuinunua. Subiri uthibitishwe kwanza, na daktari aulize habari za vidonda vya tumbo, maana aspirini inatoboa.

Kaka mwenyewe aitunze karatasi ile kuliko cheti cha kuzaliwa. Saratani isiyo na walimu ina makosa mengi hivi kwamba kinga ya mwili inaitambua kama mgeni. Vile viseli kama ulezi nilivyokueleza ni askari waliokwisha kufika ila wamezuiwa mlangoni. Dawa kama pembrolizumab huwafungulia. Mwaka 2022 New York walitoa taarifa ya wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, ya aina hii waliotibiwa kwa dostarlimab peke yake, na kwa wote 12 uvimbe ulitoweka, bila kisu wala mionzi. Bei zake ni za kutisha, sitakuficha. Lakini ugonjwa ukija kurudi, daktari atakayemwona akiwa na karatasi hiyo ataanzia mahali pengine kabisa.

Na wewe ni mwanamke. Kwa mwenye badiliko la MLH1 hatari ya saratani ya utumbo kufikia uzee ni karibu nusu, ya kizazi ni zaidi ya theluthi, na ya mifuko ya mayai ni kama 1 kati ya 10. Ukitoka damu katikati ya mwezi, usipewe vidonge vya homoni tu. Sema wazi kwamba shangazi yako alitolewa kizazi kwa saratani na baba alikufa kwa utumbo. Na damu ikitoka kwenye haja kubwa, usiridhike na "bawasiri" au "amiba" ya kukisiwa kwa macho. Wengi wanaonifikia wamezungushwa na maneno hayo mawili mwaka mzima.

Sasa mchumba. Kuoana mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba pwani ni jambo la heri, na sikuandikii kulipinga. Ila mama yake ni mshukiwa wa kubeba badiliko lile lile. Kama analo, mchumba naye alirushiwa sarafu. Mkiwa mmebeba nyote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata jeni mbovu pande zote mbili, asiwe na mwalimu hata mmoja katika mwili mzima. Watoto hao hupata saratani za damu, ubongo na utumbo wakiwa wadogo kabisa, na mara nyingi ngozi yao ina mabaka ya rangi ya kahawa ya maziwa. Ni hali adimu sana. Lakini kwenu si ya kubahatisha, inapimika kabla.

Kwa bahati shangazi yu hai, na yeye ndiye anayeweza kukufungulia njia. Badiliko la kaka likishajulikana, shangazi apimwe hilo hilo. Akikutwa hana, mwanawe hana pa kulipata kwa mama, na wasiwasi huu juu ya ndoa umekwisha hapo hapo, hata wewe ukiwa nalo. Akikutwa nalo, mnapimwa wewe na mchumba, na mmoja wenu akiwa salama, mtoto wa hatari ile hapatikani. Mkiwa nalo wote wawili bado mna la kuzungumza na washauri, maana kuna njia za kupima kiinitete kilichotungwa maabara kabla ya kupandikizwa tumboni, lakini hiyo ni mbali na tuliko.

Kesho mwombe kaka namba ya bloku yake, inaandikwa juu ya karatasi ya majibu, na aombe hospitali isiitupe. Niliwahi kutafuta bloku ya baba wa familia moja, hospitali fulani ikatukabidhi boksi ambalo joto la stoo lilikuwa limeyeyusha nta yote, majina na vinyama vimegandana. Kisha mpigie simu shangazi. Usianze na habari za harusi. Muulize tu alitolewa kizazi akiwa na umri gani, na kama bado anayo karatasi ya kinyama chake.